Pembe za Bati

Ovllá alipiga simu alfajiri kutoka Inari,
sauti yake ikipasuka kwa baridi:
"Ramani yako inasema Muzeti yuko katikati ya ziwa.
Mimi hapa nimemshika pembe."

Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka.
Kola kumi na saba shingoni mwa kulungu wa theluji,
na ndani ya kila kola antena yangu ya mstari mmoja,
inayopokea nusu ya kinachoshuka toka setilaiti
na kuiacha nusu ya pili mlangoni,
imepiga hodi, haikuambiwa karibu.

Mbaya zaidi, iliamini ziwa.
Wimbi hushuka likijipinda kwa mkono wa kulia, kama skrubu;
likigonga barafu hurudi la mkono wa kushoto.
Bati langu halikujua mkono wa kulia wala wa kushoto.
Liliusikia mwangwi, likauandika kuwa kweli.

Nikakata bati jipya, la mraba.
Wiki tatu, kwenye maabara ya Oulu,
nilihamisha sindano ya umeme
milimita mbili kando, moja juu, nusu chini.
Usiku kompyuta ilihesabu, asubuhi nilitaka duara
nikapewa yai.
Yai tena.
Yai lililokaliwa.
Nilikuwa namlisha mtu nisiyemjua
na kumnunia kwa kukosa hamu.

Usiku mmoja, kwa usingizi, nilifuta chanzo.
Hakuna waya, hakuna sindano, hakuna amri.
Bati tupu, na swali:
usipolazimishwa, wewe hupenda kwenda vipi?

Likajibu.
Mikondo ikajipanga yenyewe juu ya shaba, hulka baada ya hulka,
kila mmoja na namba yake:
chanya kwa anayejaza ghala la sumaku,
hasi kwa anayejaza ghala la umeme,
sifuri kwa aliye tayari kutoa vyote.
Wa kwanza na wa pili walikuwa pacha,
mmoja kwenye ulalo huu, mwenzake kwenye ule,
sifuri na sifuri, wakitembea hatua moja.
Ndiyo maana sikupata duara.
Wawili wanaoinua mguu pamoja
hata wakipishana njia panda
huchora mstari tu.

Basi niliwagombanisha kidogo.
Nilishika tupa, nikakata pembe mbili zinazotazamana,
bandu bandu, nikiogopa kulimaliza gogo,
mpaka mmoja akafika chanya moja
na mwenzake hasi moja:
nguvu sawa, robo ya mzunguko kati yao.
Mmoja anapofika kileleni, mwingine anavuka sifuri.
Kisha sindano, katikati ya ubavu,
pale wote wawili wanapokula sahani moja
na hakuna anayepunjwa.

Kwenye chumba kisicho na mwangwi,
kuta zake miiba ya sponji nyeusi,
nilisimama nje ya mlango kama mkunga aliyefukuzwa.
Mchoro ukatoka. Si duara la bikari, nisidanganye.
Lakini ukiuzungusha, huoni tofauti.
Ukimpindua kulungu, akilala, akijikuna, ni mamoja.

Kola kumi na sita zinasema kweli sasa.
Ya kumi na saba bado inaota ziwa, na sijui kwa nini.

Mwezi wa tano Ovllá alikuja Oulu kununua mafuta ya pikipiki.
Akaweka mezani kifurushi cha gazeti:
"Alijificha bondeni kuzaa. Ramani ilinipeleka hadi miguuni pake."
Ndani, pembe ya Muzeti, iliyoanguka yenyewe,
nyepesi, ina meno ya panya upande mmoja.

Nikafungua droo.
Nilikuwa nimetunza vipande viwili vya shaba, vidogo kuliko ukucha,
nisijue navitunzia nini.
Nikampa kimoja.
Akakigeuzageuza kwenye mwanga.
"Na hii ni nini?"
Pembe, nikamwambia. Pembe kwa pembe.